Maharage Niliyoyaombea Ugonjwa

Msimu ule, nadhani mimi ndiye mtu pekee katika miteremko ya juu ya Mlali niliyekuwa nikiomba maharage yaugue. Wenzangu kanisani waliomba mavuno. Nilipiga magoti pamoja nao, nikainamisha kichwa kwa adabu, na moyoni nikaomba ukungu mzito wa asubuhi, baridi, na umande usiokauka upesi, maana hayo ndiyo mazingira ambayo chule huyapenda. Sikumwambia mtu. Hata padri sikumwambia, ingawa alipita karibu nami akisalimia watu mlangoni na ningeweza kumuuliza kama ombi la namna hiyo hupokelewa.

Chule ni ugonjwa wa kuvu. Huanza kama mistari ya rangi ya kutu kwenye mishipa ya chini ya jani, mahali ambapo mtu hatazami. Kisha huhamia kwenye maganda na kuacha vidonda vya mviringo vilivyobonyea, kama mtu amezima sigara pale. Mbegu iliyo ndani nayo hupata baka. Mkulima akiipanda mbegu hiyo msimu unaofuata, huwa ameupanda ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Dawa za kupulizia zipo, lakini katika milima ile mvua huiosha dawa kabla bomba halijarudishwa nyumbani.

Mimi kazi yangu ni kuozesha maharage. Ndivyo ninavyowajibu watu misibani na harusini wanaponiuliza ninafanya nini, na kwa kawaida hawaulizi swali la pili. Kwa kibano kidogo nafungua ua kabla halijajifungua lenyewe, naondoa vifuko vyake vya chavua, halafu napaka chavua ya ua la mbegu nyingine. Maua mengi hudondoka baada ya hapo, bila kunipa sababu.

Bwana harusi wangu alikuwa kaharage keusi, kadogo, kagumu, kalikotoka nchi ya mbali, na ambako chule haikagusi, lakini hakuna mtu Morogoro angekubali kukala kwa sababu mchuzi wake unafanana na maji yaliyofuliwa soksi. Bibi harusi alikuwa kablanketi, maharage yale ya zambarau yenye mabaka, yanayoiva upesi na kutoa mchuzi mzito, na ambayo chule ikipita hulala chini kama yaliyopigwa. Kwa miaka kadhaa niliwarudisha watoto kwa mama yao, na wajukuu kwa bibi yao, jambo ambalo kwa binadamu lingetufikisha sote mahakamani, nikitafuta mbegu yenye sura na ladha ya kablanketi lakini yenye kinga ya yule mweusi.

Mwishowe nilibaki na mbegu chache zenye matumaini. Akiba niliyokuwa nimeiweka stoo ililiwa na fukusi wakati mimi nikiwa kwenye semina ya uhifadhi wa mbegu. Kwa hiyo zile chache ndizo zilikuwa zote. Mjini, kwenye kitalu nyumba changu, ziliota vizuri ajabu, lakini mjini kuna joto na chule haiji, na kinga ya mmea ambao haujawahi kuguswa na ugonjwa ni maneno matupu. Ilibidi zipelekwe mlimani, kwenye baridi, zikae na ugonjwa. Mkuu wa idara yetu aliniambia, kwa upole uliozidi kiasi, kwamba nisiporudi na mbegu zilizopimwa msimu huo, kitalu nyumba kingepewa watu wa alizeti na mimi ningepewa kazi nyingine. Miaka yangu yote ya kuozesha ilikuwa katika mashina yale. Yakifa bila kutoa mbegu, au yakitoa mbegu nisizojua chochote juu yake, basi.

Shamba nililopata lilikuwa la mama mkwe wangu. Mimi ni mtu wa Tabora, na nilikotoka shamba ni la baba. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama. Mama mkwe ndiye anayelima pale, na kaka yake, mjomba wa mke wangu, ndiye mwenye sauti ya mwisho kuhusu ardhi ya ukoo. Mwanamume aliyeoa pale ni mgeni aliyekuja na jembe lake. Mimi hata jembe sikuja nalo. Nilikuja na kibano.

Jambo jingine la kueleza ni kwamba mimi na mama mkwe hatuzungumzi zaidi ya salamu. Hakuna ugomvi. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nikitaka chumvi namwambia mke wangu, mke wangu anamwambia mama yake aliyekaa palepale, na mama yake anamjibu binti yake kwamba anipe chumvi. Kwa chumvi utaratibu huu unafaa sana. Kwa majaribio ya kilimo una mapengo.

Nilipanda mashina yangu kwenye matuta mawili ya ngazi, na kati ya kila mstari na mwenzake nikapanda mstari wa kablanketi ya kawaida ya sokoni, kisha nikatawanya mabua yenye ugonjwa ya msimu uliopita. Mistari hiyo ilikuwa ya wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kuugua mapema na kwa bidii, ili iwaambukize majirani zake pande zote mbili. Atakayesimama mzima katikati yao ndiye niliyekuwa namtafuta. Niliwaeleza watu hivyo, nikaona nyusoni mwao kwamba wanamhurumia mke wangu.

Chini ya matuta yetu kulikuwa na shamba la mama mmoja wa makamo ya mama mkwe, mwenye mdomo unaojulikana mlima mzima. Alinisimamisha njiani siku moja nikitoka kukagua.

"Wenzako wakija kutoka mjini wanaleta mbegu," alisema. "Wewe umetuletea kidonda."

Nilimweleza kwamba ugonjwa ulikuwapo tayari mlimani, kwamba hata mabua yale niliyaokota huku huku, mengine shambani kwake.

"Kwa hiyo ni changu?"

"Kwa namna fulani, mama."

"Ungeniachia tu. Nilikuwa nacho cha kutosha."

Nikamwambia pia kwamba maji ya shamba letu hayashukii kwake. Nilisema kwa sauti ya mtaalamu, bila kutazama. Yeye alitazama kidogo kule juu, akatazama viatu vyangu, akaenda zake moja kwa moja kwa mjomba.

Ujumbe wa mjomba ulitufikia Morogoro kwa simu ya mke wangu. Angekuja Jumamosi kuangalia mwenyewe. Akiona kwamba shamba letu ni kiota cha ugonjwa na si kitu kingine, maharage yote yatang'olewa siku hiyo hiyo, wagonjwa na wazima.

"Kasema wagonjwa na wazima?" niliuliza.

"Kasema yote. Hayo ya wagonjwa na wazima nimeyaongeza mimi ili uelewe," mke wangu alinijibu.

Tulipanda mlimani Ijumaa, ili nipate muda wa kuandaa hoja zangu. Ilikuwa katikati ya Kwaresima. Kuanzia Mlali tulikwenda kwa bodaboda, na sehemu ya mwisho kwa miguu kwa sababu matope yalikuwa yameishinda pikipiki. Nilitaka kwenda shambani kwanza. Mke wangu akaniambia kwamba mkwe hapiti mbele ya nyumba ya mama mkwe na kuelekea shambani kama mkaguzi wa kodi, kwamba chakula kilikuwa tayari, na kwamba nifute uso.

Kwa kawaida mama mkwe hunichinjia kuku. Siku ile ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima na nyama haikuwezekana, na nilihisi alikuwa amesumbuka kufikiri atampa nini mkwe. Tulikaribishwa ugali na bakuli kubwa la mboga ya majani, ya kijani kibichi, laini, iliyoungwa kwa karanga zilizotwangwa vizuri. Karanga zilikuwa kwa heshima ya kwetu. Nilinawa, nikamega tonge, nikachovya, nikala. Ilikuwa tamu sana. Niliendelea kula kwa furaha hadi nilipogundua kwamba ninakijua ninachokila.

"Mboga gani hii?" nilimuuliza mke wangu kwa sauti ya chini.

"Majani ya maharage. Hujawahi kula?"

"Nimewahi. Haya hayana hata doa."

"Sasa ulitaka yawe na madoa?"

Tangu tulipoanza kupanda mlima nilikuwa nimeangalia maharage njia nzima, kwa mazoea ya kazi, na hakukuwa na shamba hata moja ambalo majani yake yalikuwa safi.

"Muulize mama ameyachuma wapi," nilisema.

"Mama, anauliza umeyachuma wapi."

"Mwambie kule kwake juu," alijibu mama mkwe akiwa mlangoni mwa jiko, uso ameuelekeza nje. "Huku chini yote yana madoadoa. Siwezi kumpa mkwe majani yenye madoadoa."

"Ameyachuma kule kwako juu," mke wangu akaniambia, kama nilikuwa kiziwi. Kisha nikamuona naye ameelewa, maana mkono wake ulisimama juu ya sahani.

"Kwani anauliza nini?" mama mkwe akasema.

Mke wangu alinitazama. Nilitazama bakuli.

"Mwambie ni mazuri," nilisema.

"Anasema ni mazuri, mama."

"Mwongezee."

Akaniongezea, nami nikala. Nimesoma miaka mingi kwa gharama ya watu wengi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilitafuna matokeo yangu kwa meno. Katikati ya tonge nilikumbuka maagizo niliyokuwa nimeyapitisha kwa mke wangu wakati wa kupanda: mama asivune maharage mpaka nije. Naye hakuvuna. Mlimani kuvuna maharage ni kung'oa na kupiga. Kuchuma majani kwa ajili ya mboga ya siku hiyo hakuna mtu anayekuita kuvuna, na kila mwanamke hufanya hivyo katika shamba lake bila kuuliza mtu.

Shambani tulikuta kile nilichokwisha kukiona kichwani. Kila shina lililokuwa safi lilikuwa limenyolewa. Alikuwa amechukua ncha zote changa na majani yote mororo, akaacha vijiti na majani mawili matatu mazee ya chini. Na kila shina gonjwa lilikuwa limeachiwa nywele zake zote, na madoa yake yote, yakimeta kwa maji ya mvua. Mtu ambaye hajui chochote angesema mistari ya wagonjwa ndiyo iliyofaulu.

Hilo halikuwa baya kuliko yote. Chule husafiri kwa maji. Jambo la kwanza tunalofundishwa ni kwamba usiingie kwenye shamba la maharage likiwa na umande, kwa sababu ukigusa jani gonjwa na kisha jani zima, umefanya kazi ya mvua ya mwezi mzima. Mama mkwe alichuma asubuhi, wakati majani hayajanyauka, kama anavyofanya mwanamke yeyote anayejua mboga. Khanga yake ilipangusa mistari ya wagonjwa, na mikono yake yenye maji ilikwenda shina kwa shina, ikivunja ncha na kuacha kidonda kibichi kwenye kila moja. Dalili huchukua wiki au zaidi kuonekana. Kwa hiyo pale niliposimama sikuweza kujua kama mashina yangu ya mwisho yalikuwa mazima au yamekwisha kufa na bado hayajapata habari.

"Si ulitaka yaugue?" mke wangu alisema.

"Nilitaka yaugue kwa utaratibu."

Alitaka kucheka akaona uso wangu, akaacha. Akachuchumaa, akagusa kijiti kimojawapo.

"Usiguse," nilisema.

"Samahani." Akaficha mikono kwenye khanga. "Kesho mjomba akikuta hivi utamwambia nini?"

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Mjomba angetaka kuona mazima yaliyo katikati ya wagonjwa, na mimi sikuwa na zima la kumuonyesha isipokuwa nieleze majani yake yalikwenda wapi. Na kueleza kulikuwa ni kusimama mbele ya kaka mtu, juu ya ardhi ya ukoo wao, na yule jirani akisikiliza, nikasema kwamba dada yako ndiye aliyeharibu. Mama mkwe ambaye sithubutu kumuomba chumvi. Na aliharibu kwa kunitafutia cha kula.

"Nikamwambie mama aeleze mwenyewe?" mke wangu aliuliza.

"Utamwambia amekosea nini?"

Alifikiri. "Hakuna," alisema.

Jumamosi mjomba alifika mapema kuliko tulivyotarajia, amevaa mabuti ya mpira na ameshika mwavuli anaoutumia kama fimbo. Yule jirani alikuwa nyuma yake. Mama mkwe alikuja mwishoni, akasimama kwenye kingo ya tuta akiwa amejifunga khanga mabegani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Mnyamwezi. Huko kwenu mmelima, au bado mnasubiri nyuki wawalimie?"

"Tumelima, mjomba."

"Haya. Nipeleke wodini."

Jirani alicheka. Mjomba hakucheka. Aliinama kwenye mstari wa kwanza wa wagonjwa, akageuza jani na kulitazama upande wa chini, jambo ambalo nilikuwa nimejiandaa kumfundisha. Akageuza jingine. Akaenda hivyo polepole mpaka katikati ya tuta, halafu akasimama mbele ya vijiti.

"Wagonjwa nimewaona," alisema. "Hawa ndio uliosema wana kinga?"

"Ndiyo, mjomba."

"Majani yao yako wapi?"

Nilifungua mdomo na ikatoka sauti ile ya semina. Nilisema kwamba mmea ukiwa katika hatua fulani za ukuaji unaweza, kwa sababu mbalimbali, kupungukiwa na sehemu za juu. Jirani akasikiliza mpaka mwisho.

"Kinga imekula majani," alisema.

"Mimi nakuuliza wewe," mjomba aliniambia. "Kama ni ugonjwa, sema ni ugonjwa, tung'oe, twende nyumbani. Sitakukasirikia. Kila mtu hukosa."

Alikuwa amenyoosha mwavuli kuelekea kwenye shina lililo karibu naye, na niliona kwamba kweli angeanza kung'oa, bila hasira, kama mtu anayesaidia. Sikumtazama mama mkwe. Nilijua alivyosimama bila kumtazama.

"Nimeyala mimi," nilisema.

Mwavuli wa mjomba ulisimama hewani.

"Umeyala."

"Ndiyo, mjomba."

"Mabichi?" aliuliza jirani.

"Kwa karanga."

Mjomba aliushusha mwavuli. Alinitazama, kisha akageuza kichwa kwa utulivu na kumtazama dada yake, ambaye wakati huo alikuwa akiangalia mlima wa ng'ambo kama anaona kuna mtu anampungia mkono. Ameishi na wanawake wa ukoo ule maisha yake yote, na anajua mboga huingiaje kwenye sahani ya mwanamume.

"Ulikuwa na njaa," alisema hatimaye.

"Ilikuwa Ijumaa, mjomba."

"Kwa hiyo wanakulipa mshahara, unapanda majaribio, halafu unakula," jirani alisema. "Mimi nimechagua kazi vibaya."

"Wewe nyamaza kidogo," mjomba alimwambia, naye akanyamaza kidogo.

Hukumu ilitoka palepale, na haikuwa ile niliyoiombea. Mistari yote ya wagonjwa ing'olewe kabla hajaondoka, ichomwe. Yaliyonyolewa yabaki mpaka yatoe maganda. Siku hiyo angerudi na tungepita shina kwa shina, na kila shina litakalokuwa na ganda lenye kidonda, hata kama ni moja, litang'oka.

"Na utaling'oa wewe mwenyewe," alisema. "Ili usije ukasema sisi ndio tuliokuharibia."

Nilitaka kumwambia kwamba bila wagonjwa jaribio limekatika katikati. Nilitazama vile vijiti na nikaona hayakuwa maneno ya kusema siku ile. Niling'oa wagonjwa wangu wote, niliowatunza kuliko nilivyowahi kuutunza mmea mzima. Mimea mibichi haishiki moto. Ilitoa moshi mwingi uliotufuata kila tulipohamia, na jirani alisimama kuangalia hadi bua la mwisho.

Wiki zilizofuata nilikuwa mtu wa hovyo nyumbani. Habari za shamba zilipitia njia ile ile ya chumvi. Simu ya mama mkwe ni ya kitochi, hivyo picha haikuwezekana.

"Mama anasema yamechipua," mke wangu aliniambia.

"Muulize kama kuna mistari ya kutu chini ya jani. Kwenye mishipa."

"Mama, anauliza kama kuna kutu chini." Akasikiliza. "Anasema yamechipua vizuri."

"Sijauliza hilo."

"Anasema hagusi tena. Anaangalia kwa mbali." Akafunika simu kwa kiganja. "Na usinitume tena. Nikimuuliza mara nyingi atajua."

Nadhani alikwisha kujua. Kazini, watu wa alizeti walikuja na futi ya chuma kupima kitalu nyumba wakati mimi nimo ndani namwagilia. Walinisalimia vizuri. Mmoja aliniomba nisogee kidogo ili apate kona.

Tuliporudi mlimani maganda yalikuwa yamejaa lakini bado ya kijani. Mjomba alikuwa amekwisha fika, na jirani pia. Mama mkwe alisimama kwenye kingo ile ile. Hakuna aliyenitania. Tukaanza upande wa njia.

Shina la kwanza lilikuwa na vidonda. Nililiona kabla ya kuinama. Vilikuwa vitatu kwenye ganda moja, vimebonyea, na kingo zake nyekundu. Nikaling'oa. La pili nalo. La tatu nililigeuza ganda kwa ganda, nikaanza kuamini, kisha mjomba akanionyesha kwa ncha ya mwavuli ganda moja lililojificha karibu na udongo. Nikaling'oa. Tukaenda hivyo mstari mzima na kupinda kwenye mstari wa pili. Mikono yangu ilifanya kazi na kichwa changu kikawa mahali pengine, kikihesabu miaka kwa kurudi nyuma: hili ni la msimu ule wa ukame, hili ni la ule mwaka niliouguliwa na baba. Kila shina lilikuwa na mama yake na bibi yake, na mimi nilikuwepo kwenye harusi zote.

"Unaweza kupumzika," mjomba alisema.

"Tuendelee tu."

Mwisho wa tuta la chini, karibu na mawe, kulikuwa na kundi dogo la mashina ya ndugu wa tumbo moja, yaani yote yametokana na mmea mmoja. Yalikuwa yametoa matawi mengi mafupi pale ncha zilipovunjwa, kwa hiyo nilijua yalichumwa kama mengine. Shina lililokuwa limeyaegemea kutoka mstari wa pembeni lilikuwa limeoza kwa vidonda. Nililing'oa hilo. Kisha nikageuza maganda ya yale yaliyoegemewa, shina kwa shina. Nikayageuza tena. Mjomba akainama upande wa pili, akatafuta hadi chini kwenye udongo. Yule jirani akatusogeza wote wawili kwa kiwiko, akapiga magoti, akapekua kama anayetafuta pete iliyopotea. Hakupata kitu. Akachuma ganda moja bila kuomba ruhusa, akalipasua kwa kucha ya kidole gumba. Ndani mbegu zilikuwa zimekaa safu, za zambarau, zenye mabaka yake ya kablanketi, hazina doa jingine.

Alizitazama muda mrefu. Kisha akasimama na ganda lake mkononi, akashuka shambani kwake.

"Basi," mjomba alisema akijinyoosha mgongo. "Haya yamepona. Kazi imekwisha."

Ilikuwa imebaki mimi kusema ndiyo. Mke wangu alikuwa ananitazama, na nilijua anafikiri ninavyofikiri: mbegu hizi zinatosha kuwapeleka watu wa alizeti kwingine kwa muda, tupige picha, twende nyumbani. Lakini wagonjwa walikuwa wameng'olewa mapema. Mashina haya yaliguswa na ugonjwa mara moja, kwa mkono ambao sikuweza kuutaja, na huenda asubuhi ile mkono huo ulikuwa umekwisha kukauka ulipofika kwenye mawe. Nikiwapa watu mbegu hii na kuwaambia ina kinga, na halafu ilale chini kama nyingine, watakaokosa chakula ni wao, si mimi.

"Bado, mjomba," nilisema. "Yamepona mara moja. Sijui kama ni kinga au ni bahati."

"Utajuaje?"

"Nikiyapanda tena katikati ya wagonjwa. Msimu mzima, bila kuwang'oa."

"Wapi?"

"Hapa," nilisema.

Mjomba alitoboa udongo kwa mwavuli wake, akatoboa tena pembeni.

"Mnyamwezi, ungesema yamepona ningekuamini."

"Najua, mjomba."

"Na huyu wa chini naye angekuamini, maana ameona kwa macho yake." Alitikisa kichwa. "Mimi nitazungumza na dada yangu. Hiyo ni ardhi yetu, tutaelewana. Lakini anayelala chini ya ugonjwa wako si mimi. Nenda kamwombe mwenyewe. Mimi simwambii."

Nilichuma maganda safi, nikayatia kwenye bahasha ya kaki na bahasha kwenye mfuko wa shati, nikaufunga kifungo. Kisha nikashuka ngazi za matuta, na katika mabuti yangu nilisikia maji. Jirani aliniona nikiwa bado juu. Aliacha kulima, akaegemea mpini, akanisubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka kuwarudisha."

Alikuwa amesikia, au hakuhitaji kusikia. Nilisema ndiyo, msimu ujao, na nikaanza kueleza umbali na upepo na nitakavyopanda mahindi katikati kama ukuta.

"Kabla hujaniomba," alisema, "nionyeshe maji ya kwako yanashukia wapi."

Niligeuka nikatazama juu, safari hii kwa macho. Kutoka kwenye kona ya tuta letu la chini, pale pale kwenye mawe, kulikuwa na mchirizi uliochimbwa na mvua. Ulipita chini ya kingo, ukapinda kwenye kisiki, ukaingia moja kwa moja kwenye maharage yake. Pale ulipoingilia, majani yalikuwa ya kahawia.

"Pale," nilisema, nikaonyesha kwa kidole.

"Pale," alisema.

Tulisimama tukiutazama. Hakusema ndiyo wala hapana. Akanipa jembe lake, akaenda kukaa kwenye jiwe mahali ambapo angeona vizuri, na mimi nikaanza kuchimba mfereji wa kuyageuza maji, kutoka kwenye kisiki kuelekea korongoni, huku mke wangu na mjomba na mama mkwe wamesimama juu wakiangalia jinsi mtu wa mjini anavyoshika mpini.